Kupima mafuta ya injini maabarani ili kujua wakati wa kuyabadilisha

WENYE magari wengi nchini Kenya hubadilisha mafuta ya injini kila baada ya kilomita 5,000, na ni wachache mno wanaojiuliza nambari hiyo ilitoka wapi. Fundi huiandika kwenye kikaratasi kinachobandikwa pembeni mwa kioo cha mbele, dereva akaitii kama sheria, na mafuta yanayomwagwa siku ya sevisi hayaulizwi lolote kuhusu hali yaliyokuwa nayo.

Ajabu ni kwamba mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, ambako Toyota huelekeza kuwa gari la petroli lisilo na turbo libadilishwe mafuta kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Gari hilo hilo likitumika katika mazingira magumu, umbali huo hupunguzwa kwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Lenye turbo hupewa kilomita 5,000 tu, na 2,500 likiwa katika mazingira magumu. Kwa hivyo hata kabla ya gari kupakiwa melini kuja Mombasa, tayari swali lina majibu zaidi ya moja.

Baada ya hapo gari huingia katika foleni za Nairobi, likatembezwa kilomita tatu kupeleka watoto shuleni na kurudi, likapelekwa mashambani kwenye barabara ya vumbi wikendi, na likatiwa petroli katika kituo chochote kilicho karibu. Je, kwa gari kama hilo kilomita 5,000 ni mapema mno au ni kuchelewa? Hakuna kikaratasi kinachoweza kujibu. Mafuta yenyewe yanaweza, almuradi yapelekwe maabarani.

Mbinu ya reli na jeshi

Kupima mafuta yaliyotumika si jambo geni. Mnamo 1946 maabara ya kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilifaulu kugundua hitilafu katika injini za dizeli za garimoshi kwa kupima chembe za madini zilizokuwa zikielea ndani ya mafuta yake. Katika miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la nchi hiyo likaichukua mbinu hiyo kwa ajili ya injini za ndege zake, na majeshi mengine yakafuata.

Leo ni jambo la kawaida kwa wenye meli, matingatinga, jenereta kubwa na malori ya masafa marefu. Baadhi ya watengenezaji wa mitambo mizito, Caterpillar wakiwa miongoni mwao, wana mipango yao wenyewe ya kuwapimia wateja mafuta. Mwenye gari dogo ndiye aliyebaki nyuma, na sababu yake, kama itakavyoonekana, ni ya kifedha zaidi kuliko ya kiufundi.

Mafuta huchokaje

Ni kosa kudhani kuwa mafuta huharibika kwa sababu yamekuwa meusi. Weusi mara nyingi ni ishara kwamba yanafanya kazi yake ya kuyabeba masizi na uchafu yasigande kwenye vyuma. Katika injini ya dizeli, mafuta mapya yanaweza kugeuka meusi katika siku chache na bado yakawa na maisha marefu mbele yake. Kinyume chake, mafuta yenye rangi ya kupendeza yanaweza kuwa yamechanganyika na petroli kiasi cha kushindwa kuzikinga beringi. Kuyapaka mafuta kati ya vidole na kuyanusa, kama wafanyavyo mafundi wengi, hakuwezi kutofautisha hali hizi mbili.

Mafuta ya injini ni mchanganyiko wa mafuta ya msingi na viungo vya kemikali. Zinki na fosforasi huunda utando unaozuia vyuma kusagana pale shinikizo linapozidi. Kalsiamu au magnesiamu husafisha na kuzima asidi zinazotokana na uchomaji wa petroli au dizeli. Viungo vingine huzuia mafuta kuungua kwa oksijeni, na vingine huyafanya yasiwe mazito mno asubuhi wala mepesi mno injini ikipata moto.

Viungo hivyo hutumika na kwisha. Wakati uo huo, mafuta hupokea wageni: masizi, petroli isiyochomeka, mvuke wa maji, vumbi, na chembe za vyuma vya injini yenyewe. Kasi ya kazi hiyo haitegemei kilomita peke yake. Injini inayonguruma saa nzima ndani ya foleni haiongezi chochote cha maana kwenye mita ya kilomita, ilhali mafuta yake yanazidi kuchoka. Ford, katika vitabu vya magari yake ya kazi, hukadiria saa moja ya injini kunguruma gari likiwa limesimama kuwa sawa na mwendo wa maili 33, yaani takriban kilomita 53. Teksi inayosubiri abiria saa mbili kila siku huku injini ikiendeshwa kwa ajili ya kipoza hewa, kwa hesabu hiyo, hupoteza zaidi ya kilomita 3,000 kwa mwezi zisizoandikwa popote.

Nayo safari fupi ina madhara ya aina yake. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, maji na petroli vilivyopenya ndani yake havipati nafasi ya kugeuka mvuke na kutoka. Ndiyo maana gari linalosafiri Nairobi hadi Mombasa na kurudi kila wiki linaweza kuwa na mafuta yenye afya kuliko lile linalotembea kilomita 20 tu kwa wiki mtaani.

Kinachopimwa

Ripoti ya maabara huwa na safu ya tarakimu ambazo kwa mtazamo wa kwanza humtisha msomaji. Lakini zote hujibu maswali mawili tu: mafuta yako katika hali gani, na injini iko katika hali gani. Anayetaka kuamua umbali wa kubadilisha mafuta aanze na swali la kwanza, ingawa wengi hukimbilia la pili.

Kipimo cha awali cha hali ya mafuta ni mnato, yaani uzito wake yanapotiririka. Mafuta yanayouzwa kama 5W-30 yanapaswa kuwa na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5 katika joto la nyuzi 100. Yakishuka chini ya 9.3, ama yamechanganyika na petroli au molekuli zake ndefu zimekatwakatwa na mashine. Yakipanda kupita 12.5, yumkini yameungua, yamejaa masizi, au mtu ameongezea mafuta mazito zaidi bila kusema.

Cha pili ni akiba ya alkali, inayoonyesha nguvu iliyobaki ya kuzima asidi. Mafuta mapya ya injini za petroli kwa kawaida huanza na akiba ya kati ya 6 na 9, na ya dizeli huwa juu zaidi. Baadhi ya maabara hutoa onyo nusu ya akiba hiyo inapokwisha. Nyingine husubiri hadi inaposhuka na kukutana na kiwango cha asidi kinachopanda. Huyu wa pili ni msimamo wa ujasiri zaidi, na kwa gari ambalo historia yake haijulikani, ule wa kwanza ndio unaofaa.

Kipimo hiki kina historia yake Afrika Mashariki. Salfa iliyo ndani ya dizeli hugeuka asidi inapochomwa, na asidi hiyo ndiyo hula akiba ya alkali. Hadi mwishoni mwa 2014 dizeli iliyouzwa katika eneo hili ilikuwa na salfa nyingi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha juu kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Desturi ya kubadilisha mafuta mapema ilikuwa na mantiki thabiti chini ya dizeli ile ya zamani. Mwenye lori ambaye hajapima tangu wakati huo anaendelea kujikinga na adui aliyepungua nguvu.

Maabara pia hupima petroli au dizeli iliyopenya, maji, masizi na kiwango cha kuungua. Petroli ikizidi asilimia mbili hivi, maabara nyingi huanza kuuliza maswali. Hapa inafaa kuyakumbuka mafuta ya taa. Serikali ya Kenya ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018, nia ikiwa kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli na petroli. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli, kwa hivyo yakiingia katika mafuta ya injini hukaa humo na kuyapunguza mnato. Dereva atajua kuwa gari limekosa nguvu. Ripoti itamwonyesha sababu.

Ushahidi wa madini

Madini ndiyo sehemu ya ripoti inayosimulia habari za injini. Hupimwa kwa sehemu kwa milioni, kipimo kidogo kuliko watu wanavyodhani: katika gari lenye lita nne za mafuta, ambazo huwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, chuma cha sehemu 100 kwa milioni ni gramu 0.35 tu.

Chuma hutoka kwenye silinda, krankishafti na kemushafti. Alumini hutoka kwenye pistoni, kromiamu kwenye ringi, na risasi, bati na shaba kwenye beringi. Shaba inaweza pia kutoka kwenye kipozea mafuta, bila ya kuwa na hatari. Sodiamu na potasiamu zikitokea pamoja, mshukiwa wa kwanza ni maji ya rejeta yanayovuja, pengine kupitia gasketi ya hedi. Hilo si suala la umbali wa sevisi tena bali la kulipeleka gari kwa fundi mara moja.

Silikoni inastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo habari kubwa kwa magari ya nchi hii. Vumbi ni mchanga, na mchanga ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Likipita kwenye chujio la hewa lililochakaa au bomba lililolegea, husaga silinda na ringi kama msasa. Dalili yake ripotini ni silikoni kupanda, alumini ikiifuata, na chuma kikipanda pamoja nazo. Mwenye gari akiona hivyo, asikimbilie kufupisha umbali wa kubadilisha mafuta. Mafuta mapya hayazuii vumbi. Dawa ni chujio jipya la hewa na kukazwa kwa bomba, gharama ambayo ni ndogo kuliko sevisi moja. Hata hivyo, silikoni ikipanda peke yake katika injini iliyofunguliwa karibuni, huenda ikawa imetoka kwenye gundi ya kuzibia iliyotumiwa na fundi, na hupungua kadiri mafuta yanavyobadilishwa.

Jinsi ya kupata umbali unaofaa

Ripoti moja haitoshi. Chuma cha sehemu 30 kwa milioni kinaweza kuwa cha kawaida katika injini moja na cha kutia wasiwasi katika nyingine. Kinachotafutwa ni mwelekeo, na zaidi ya hapo, kasi ya uchakavu kwa kila kilomita 1,000.

Chukua mfano wa gari dogo la petroli lenye lita nne za mafuta ya 5W-30. Mafuta mapya kabla ya kutiwa yana akiba ya alkali ya 7.5. Baada ya kilomita 5,000, sampuli inaonyesha chuma 14 na akiba 5.0. Mafuta hayo hayo yakiachwa hadi kilomita 7,500, chuma ni 21 na akiba 3.8. Kasi haijabadilika: sehemu 2.8 kwa kila kilomita 1,000. Kufikia kilomita 10,000, chuma kimeruka hadi 41 na akiba imeshuka hadi 1.9. Katika kilomita 2,500 za mwisho injini imechakaa kwa kasi ya sehemu 8 kwa kila kilomita 1,000, karibu mara tatu ya awali, na hapo ndipo mafuta yalipoacha kuikinga. Mwenye gari hilo anaweza kujiwekea kilomita 7,500 kwa amani. Kama angeangalia jumla ya chuma pekee, 41 isingemshtua.

Kwa gari halisi, si busara kuruka kutoka 5,000 hadi 10,000 kwa mkupuo mmoja ili kuona kitakachotokea. Umbali huongezwa kidogo kidogo, mathalani hadi 6,500, kisha 8,000, sampuli ikichukuliwa kila hatua. Mwelekeo ukianza kujipinda, mtu hurudi hatua moja. Chujio la mafuta nalo liwe la kudumu umbali huo. Hakuna faida ya kupima mafuta ikiwa chujio la bei rahisi limeziba na mafuta machafu yanapita pembeni yake.

Jambo linalovuruga hesabu hizi kuliko lolote ni kuongezea mafuta. Injini inayokula lita moja kati ya sevisi hupokea lita moja ya mafuta mapya, yenye akiba kamili na yasiyo na chuma. Ripoti yake itakuwa nzuri kuliko hali halisi. Kila kilichoongezewa sharti kiandikwe.

Kuchukua sampuli

Sampuli mbaya ni hasara mara mbili, maana hulipiwa na tena hudanganya. Injini iwe moto, gari likiwa limetoka safarini. Nati ya chini inayofunguliwa kumwaga mafuta ipanguswe kwanza, mafuta ya mwanzo yaachwe yapite, kisha chupa ikingwe katikati ya mtiririko. Mafuta ya mwisho kabisa pia hayafai, kwa kuwa hubeba mashapo ya chini. Wasiotaka kuyamwaga hutumia pampu ndogo yenye mpira mwembamba unaopitishwa mahali pa kijiti cha kupimia mafuta, ncha yake isiguse sakafu ya sampu.

Chupa itumike ile inayotolewa na maabara. Chupa ya soda iliyosuuzwa huacha maji na sukari, na maabara itaripoti maji ambayo hayakuwa ndani ya injini. Takriban mililita 100 hutosha. Lebo ieleze aina ya injini, kilomita za gari, kilomita ambazo mafuta yametembea, jina na daraja la mafuta, na kiasi kilichoongezewa. Bila ya kilomita za mafuta, kasi ya uchakavu haiwezi kukokotolewa.

Inapendeza zaidi kupeleka pia sampuli ya mafuta mapya kutoka kwenye mkebe. Kwa Kenya hili lina faida ya ziada. Mafuta ghushi ya injini yamekuwa kero ya muda mrefu licha ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Mkebe wenye nembo maarufu unaweza kuwa na mafuta yaliyochujwa tu, au ya daraja jingine kabisa. Mafuta halali yana saini yake ya zinki, fosforasi na kalsiamu. Yaliyoghushiwa mara nyingi huwa pungufu, na hakuna mwelekeo wowote utakaopatikana ikiwa kila sevisi inatumia kitu tofauti ndani ya mkebe uleule.

Kisichoonekana

Mtambo wa kupimia madini huona chembe ndogo tu, zisizozidi mikroni tano hadi nane hivi, ilhali unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 au karibu na hapo. Injini inayomeguka vipande vikubwa inaweza kupata ripoti safi. Kwa sababu hii, fundi makini hukata chujio kuukuu na kulikunjua karatasi lake, akatafuta vipande vinavyometa na kuvipitishia sumaku.

Vilevile, ripoti haioni utandu uliokwisha kuganda ndani ya injini, kwa kuwa haumo tena katika mafuta. Kufungua kifuniko cha kutilia mafuta na kumulika ndani kwa tochi bado kuna thamani. Gari lililo ndani ya muda wa dhamana, kwa upande wake, sharti lifuate kitabu cha mtengenezaji hata kama ripoti inaruhusu zaidi.

Baadhi ya magari ya kisasa huonyesha kwenye dashibodi asilimia ya uhai wa mafuta uliobaki. General Motors ilianzisha mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengi hudhani kuna kifaa kinachoyaonja mafuta, la hasha. Kompyuta huhesabu mizunguko ya injini na joto lake, ikakisia. Makisio hayo ni bora kuliko kikaratasi cha kilomita 5,000, kwani hutambua foleni na safari fupi, lakini hayajui kama chujio la hewa limetoboka au kama mkebe ulikuwa wa bandia.

Nani anufaike

Hapa ndipo hesabu ya fedha inapoingia. Lori la masafa marefu hubeba lita 30 au zaidi za mafuta, na kampuni yenye malori 20 ikiongeza umbali wa sevisi kwa thuluthi moja huokoa mamia ya lita kwa mwaka, bila kutaja siku ambazo malori hayasimami gereji. Kwa kampuni hiyo, ada ya maabara ni kitu kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa chama cha matatu, shule yenye mabasi kadhaa, au hospitali inayotegemea jenereta.

Mwenye gari dogo la lita nne yuko katika hali tofauti, kwani ada ya kipimo kimoja inaweza kukaribia bei ya mafuta yenyewe. Kupima kila sevisi ili kuokoa mafuta ni kujidanganya. Kinachomfaa ni kupima mara mbili au tatu katika mwaka wa kwanza, hadi umbali unaolifaa gari lake ujulikane, kisha kuufuata umbali huo na kupima tena mara chache tu, au anapotaka kununua gari la mtu na hajui lilivyotunzwa. Akihamia mji mwingine, akabadilisha aina ya mafuta au akafungua injini, mwelekeo wa zamani haumfai tena, na vipimo huanza upya kutoka mkebe mpya.